Baada ya Dhoruba ya Barafu: Usalama, Usafishaji na Haki za Mtumiaji

Mvua ya barafu haina kishindo cha kimbunga. Huanguka kama mvua ya kawaida, ikapita katika hewa ya baridi kali iliyo karibu na ardhi, na kuganda mara inapogusa tawi, paa au waya. Barafu ya unene wa nusu inchi yaweza kuuongezea waya wa umeme mzigo wa paundi 500. Ndivyo ilivyotokea hapa Kentucky mwishoni mwa Januari 2009: miti na nguzo zilivunjika, na wateja zaidi ya 700,000 wakakosa umeme, baadhi yao kwa wiki kadhaa.

Tangu wakati huo, familia nyingi zinazozungumza Kiswahili, hasa kutoka Kongo, zimehamia Lexington, Louisville na Bowling Green. Kwa wengi wao, dhoruba kubwa ijayo itakuwa ya kwanza. Tunataka msomaji wa somo hili ashike jambo moja: hasara ya kwanza huletwa na barafu, lakini ya pili huletwa na haraka, na hiyo ya pili inazuilika.

1. Linda uhai kwanza

Usianze kusafisha ua kabla ya kutazama juu. Waya wowote ulioanguka uhesabu kuwa una umeme, hata kama mtaa mzima uko gizani. Kaa mbali nao angalau futi 35, yaani mita 10 na zaidi, wala usiguse tawi lililoulalia. Piga simu 911, kisha uiarifu kampuni ya umeme. Usifanye kazi chini ya miti iliyobeba barafu. Tawi lenye ufa huanguka bila taarifa.

Baadhi ya waliokufa mwaka 2009 hawakuuawa na baridi, bali na kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, itokayo kwenye jenereta, mkaa na vitu vingine vinavyoungua. Jiko la mkaa lisiwashwe ndani kamwe, hata dirisha likiwa wazi. Nyumba za hapa hujengwa ili kuzuia upepo, na kwa hiyo hewa hiyo hukosa pa kutokea. Jenereta iwekwe nje, angalau futi 20 kutoka nyumbani, mbali na milango na madirisha. Mtu akipata maumivu ya kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu, tokeni nje nyote, kisha mpige 911.

2. Tambua sehemu iliyo yako

Umeme ukirudi kwa jirani na kwako bado ni giza, tazama ukuta wa nje ukiwa mbali. Kwa kawaida waya utokao nguzoni ni mali ya kampuni, lakini bomba linaloupokea na kisanduku kinachoshika mita ni jukumu la mwenye nyumba. Vikiwa vimeng'oka, kampuni haitaunganisha umeme mpaka fundi umeme mwenye leseni avitengeneze. Ukiwa mpangaji, mwarifu mwenye nyumba kwa maandishi na utunze nakala.

3. Piga picha kabla ya kutupa

Jokofu lisilofunguliwa huhifadhi chakula kwa takriban saa 4. Friza iliyojaa kwa saa 48, na iliyojaa nusu kwa saa 24. Baada ya hapo, nyama, maziwa na vyakula vilivyopikwa vitupwe, lakini kwanza vipigwe picha, kwa kuwa baadhi ya bima hulipia chakula kilichoharibika.

Piga picha pia za paa, dari na ua kabla ya kuondoa chochote. Tundu la paa lifunikwe kwa turubai ili uharibifu usizidi, na risiti zitunzwe. Lakini matengenezo ya kudumu yasubiri mkaguzi wa bima. Mti wa jirani ukiiangukia nyumba yako, kwa kawaida bima yako ndiyo ya kuanza nayo. Mpangaji akumbuke kuwa bima ya mwenye nyumba hailipii vyombo vyake. Kwa hivyo anahitaji bima ya mpangaji, nayo hukatwa kabla ya dhoruba.

4. Fundi anayebisha hodi

Siku chache baada ya dhoruba, magari yenye misumeno na ngazi hupita mitaani. Mtu hubisha hodi, huonyesha tawi lililoegemea paa, na kusema kuwa bei yake ni ya leo tu. Huenda ni fundi mwaminifu. Mwombe bei kwa maandishi, anwani ya biashara yake, uthibitisho wa bima, na majina ya wateja wa karibu. Fundi mwaminifu hachukizwi na maswali hayo.

Usilipe fedha zote kabla ya kazi kukamilika, wala usitie sahihi mkataba usiouelewa. "Nitakujibu kesho" ni jibu kamili. Kwa mauzo mengi yanayofanyika nyumbani kwako, sheria ya shirikisho hukuruhusu kuvunja mkataba hadi saa sita usiku ya siku ya tatu ya kazi. Ukiombwa kuandika kuwa unaiacha haki hiyo kwa sababu ya dharura, simama na utafute ushauri. Aidha, gavana anapotangaza hali ya dharura, sheria ya Kentucky inaweza kuzuia upandishaji wa bei uliokithiri. Malalamiko hupelekwa kwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo.

5. Kuomba msaada

Piga 211 kuuliza kuhusu mahali pa kujihifadhi, chakula na joto. Si kila dhoruba inayofungua mlango wa msaada wa FEMA, shirika la shirikisho la maafa; ni lazima rais atangaze maafa na wilaya yako iruhusiwe msaada wa watu binafsi. Ikiwa hivyo, piga 1-800-621-3362 na uombe mkalimani, bila malipo. Wakimbizi waliokubaliwa kisheria na wenye ukaazi wa kudumu wanaweza kuomba. Mzazi asiyestahili aweza kuomba kwa niaba ya mtoto aliye raia anayeishi naye. Maombi hayana ada. Anayejiita mkaguzi wa FEMA na kudai fedha ni tapeli.

Andika leo kwenye karatasi namba za kampuni ya umeme, bima na mwenye nyumba, pamoja na 911 na 211, uibandike jikoni. Simu iliyoisha chaji haitakusomea namba hizo.