Mlima wa Kalebu: Jione Umefika

Andiko: Hesabu 13:17-33, Yoshua 14:6-15

Kuna maombi tunayoomba kwa mdomo huku moyo ukisema, "Hiyo si ya watu kama sisi." Mama anaombea biashara ya mboga ikue, lakini ukimwambia ajione na duka na wafanyakazi watatu, anacheka. Hicho kicheko ndicho tunashughulika nacho wiki hii.

Wapelelezi kumi na wawili walizunguka Kanaani siku 40. Waliona Hebroni, waliona Waanaki, waliona kichala cha zabibu kilichobebwa na watu wawili kwa mti. Hata wale kumi walikubali nchi ni nzuri. Shida yao ilikuwa picha waliyobeba juu yao wenyewe. Soma mstari wa 33 polepole: walijiona panzi kwanza, ndipo wakasema hata majitu yaliwaona hivyo. Kwani kuna aliyeenda kuyauliza?

Kalebu alikuwa na miaka 40. Alirudi jangwani na wengine, akala mana ile ile. Akiwa na miaka 85 anasimama mbele ya Yoshua kule Gilgali. Anaomba nini? Si pahali tambarare pa kupumzikia uzee. Anaomba ule mlima, wenye miji ya ngome na Waanaki bado wamo! Na anaomba bila kutetemeka, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Msikilize: anakumbuka umri wake siku ile, ahadi aliyopewa, na hata maadui. Miaka 45 hakuiacha ile picha ifutike. Na kuchelewa kwenyewe hakukuwa kosa lake. Kutoamini kwa wengine ndiko kulimchelewesha. Wengine wetu tuko hapo hapo: karo iliisha, ndugu akala pesa ya ploti.

Lakini tusidanganyane. Kubandika picha ya gari ukutani na kuita hiyo imani, hapana. Kalebu hakujichagulia mlima. Aliahidiwa, na mguu wake ulikuwa umeukanyaga. Tena picha yake ilikuwa na majitu ndani.

Kwa hivyo, omba kwanza ujue kama jambo hilo limetoka kwa Mungu. Kisha nenda ulikanyage. Dada, unataka kuwa nesi na hujawahi kufika hata geti ya chuo? Nenda, uliza alama wanazotaka, uliza karo. Halafu jioni, baada ya maombi, keti kimya dakika kumi ujione. Usianze na siku ya mahafali na maua. Jione asubuhi ya kawaida, umevaa yunifomu, foleni ni ndefu, mgonjwa mmoja anakufokea na wewe unamjibu kwa upole. Kesho tena, na kesho kutwa. Baada ya muda hutacheka tena ukiitwa nesi. Utauliza fomu zinatoka lini.

Kazi ya ushirika wa nyumbani, Jumatano: kila mtu aje ameandika mlima wake, pahali atakapoenda kuukanyaga kabla ya Jumapili, na jitu moja analolijua kwa jina. Tutaombeana wawili wawili.