Hadithi iishe usiku uleule

SWALI

Yaya, nakuandikia kutoka Kabimba, huku kando ya Ziwa Tanganyika. Mimi ni kijana, nafundisha shule ya msingi. Mwaka jana rafiki aliyetoka Lubumbashi aliniwekea kwenye simu kitabu cha mchezo wa kuigiza mezani. Mmoja anasimulia, wengine kila mtu ana mhusika wake, na jambo likiwa gumu dadu ndiyo inayoamua. Tuliupenda sana. Tulikuwa watano, tukikutana kwetu Jumamosi jioni, na safari ya wahusika wetu ilikuwa ndefu, ya kuendelea juma hata juma.

Shida ni kwamba hatukuifikisha popote. Wawili kati yetu wanafanya kazi kwenye kiwanda cha saruji, na zamu zao hubadilika. Mmoja anauza ndagala. Biashara ikimwita Kalemie anapanda boti, na siku ya kurudi anaijua mwenyewe. Mwingine amehamia Moba. Kila tulipokutana tulipoteza saa nzima tukikumbushana tulipoishia, na aliyekosa mara iliyopita alikaa kama mgeni. Sasa hakuna hata anayeuliza tutacheza lini. Tena mama yangu mkubwa alitusikia tukitaja mapepo na wachawi, akasema mchezo huo haufai katika nyumba ya watu wanaosali.

Nimesikia iko michezo inayomalizika kwa kikao kimoja. Niandae vipi wa kwetu, bila kitabu kikubwa, bila fedha, na bila kugombana nyumbani?

Mwalimu, Kabimba

JIBU

Mdogo wangu Mwalimu, kwanza ondoa moyoni wazo kwamba wenzako wamekuchoka. Hadithi ndefu inadai ahadi ambayo watu wa zamu na watu wa boti hawana uwezo wa kuitoa. Anayeingia kazini usiku hawezi kukuahidi Jumamosi ijayo, na mwenye magunia ya ndagala atasafiri siku soko litakapomtaka. Wanachoweza kukupa ni jioni moja. Ipokee hivyo ilivyo, na uwape hadithi yenye mwanzo na mwisho, ili kila mtu aondoke ameimaliza. Kumaliza ni namna ya kumheshimu mtu aliyekupa muda wake.

Wala usiione hadithi ya kikao kimoja kuwa ya daraja la chini. Michezo hii ilianza kuchapishwa Marekani mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons. Mwaka uliofuata tu, Gygax alipeleka kwenye mashindano ya Origins safari iitwayo Tomb of Horrors, iliyoandaliwa ichezwe pale pale kwa muda uliopangwa. Tangu hapo waandishi wanaojitegemea, wasiofanya kazi chini ya kampuni kubwa, wameigeuza jioni moja kuwa fani kamili, na tuna mengi ya kujifunza kwao.

Tazama mifano michache. Fiasco, mchezo wa Jason Morningstar wa mwaka 2009, huchezwa na watu watatu hadi watano bila msimulizi mkuu. Katikati ya meza kuna rundo la dadu, zinatumika moja baada ya nyingine kadiri hadithi inavyosonga, na zikiisha hadithi nayo imeisha. Dread, wa mwaka 2005, ulioandikwa na Epidiah Ravachol na Nathaniel Barmore, hautumii dadu hata moja. Unatumia mnara wa vipande vya mbao wa Jenga, mchezo ulioletwa sokoni London mwaka 1983 na Leslie Scott, mama aliyekulia Afrika ya Mashariki akizungumza Kiswahili. Kila mhusika anapojaribu jambo la hatari, mchezaji anachomoa kipande. Mnara ukianguka mkononi mwake, mhusika huyo ametoka kwenye hadithi. Na Ten Candles wa Stephen Dewey, wa mwaka 2015, huchezwa kwenye mwanga wa mishumaa kumi. Kila unaozimika unafunga tukio, na wa mwisho unafunga hadithi yote.

Umeona wanachofanana? Kila mmoja ameweka mezani kitu kinachopungua au kudhoofika mbele ya macho ya wote. Hapo ndipo safari yenu ndefu ilipokosa. Mwisho wake ulikuwa kichwani mwa msimulizi, nanyi mkawa mnausubiri bila kujua uko mbali kiasi gani. Kikao kimoja kinataka mwisho ukae juu ya meza. Wachezaji wakiuona unakaribia wataacha kuzungukazunguka, watachagua, na kuchagua ndiko kunakoleta utamu wote wa mchezo huu.

Sasa tuandae wa kwenu. Fedha haihitajiki. Tafuta dadu tatu za ludo, karatasi, kalamu na punje 12 za mahindi.

Kanuni tuzichukue kwa John Harper. Mwaka 2013 aliandika Lasers & Feelings, mchezo mzima kwenye ukurasa mmoja, na watu wengi wameugeuza kufaa hadithi zao. Yeye aliandika habari za chombo cha angani. Sisi tuulete ziwani. Kila mhusika ana namba moja tu, ambayo mchezaji anaichagua kati ya 2 na 5. Kazi ya Mikono, yaani kamba, kasia, injini na nguvu, inataka dadu ianguke chini ya namba yako. Kazi ya Maneno, yaani kubembeleza, kupatanisha, kudanganya na kutuliza, inataka dadu ianguke juu yake. Mwenye 5 ni hodari wa mikono, lakini kwa maneno ni 6 peke yake inayomwokoa. Mwenye 2 ni kinyume chake. Ukirusha ukapata namba yako hasa, msimamishe msimulizi umuulize swali lolote, naye analazimika kukujibu kweli.

Mtu anarusha dadu moja. Akiwa amejiandaa anaongeza ya pili, na jambo likiwa la ufundi wake anaongeza ya tatu. Hakuna hata moja iliyofaa? Mambo yanaharibika. Ikifaa moja, amefanikiwa kwa shida, na shida hiyo ionekane. Zikifaa mbili, amefanikiwa vizuri. Zikifaa tatu, amepata na zaidi ya alichotaka. Kanuni ndizo hizo, hata asiyesoma Kifaransa wala Kiingereza atazishika.

Hadithi ianzie ndani ya shida. Usianze na wahusika wakikutana sokoni na kujuana. Hayo yatakula saa yako ya kwanza. Anza hivi: ni usiku, boti limetoka Kabimba kwenda Kalemie, injini imenyamaza, na maji yameanza kuingia. Kwa mbali zinaonekana taa za wavuvi wa ndagala. Kila mchezaji apate mhusika mwenye kitu asichotaka kukipoteza. Wa kwanza ni mfanyabiashara mwenye magunia ya samaki aliyoyachukua kwa mkopo. Wa pili ni mama anayepeleka vyombo vya harusi ya binti yake. Wa tatu ni mwanafunzi aliyefungasha vitabu na nguo zake zote, anakwenda kuanza masomo. Wa nne ni fundi wa boti, mwenye sanduku la vifaa, na yeye peke yake anajua kwamba kifaa cha akiba cha injini alikiuza juzi.

Punje 12 ni nguvu iliyobaki ya boti kuelea. Kila jaribio likiharibika, ondoa punje moja. Kila tukio likifungwa, ondoa nyingine. Mchezaji akikubali kutupa mzigo wake majini, rudisha punje mbili. Wakizifikia taa za wavuvi kabla punje hazijaisha, wameokoka pamoja na mizigo iliyobaki. Zikiisha kabla, wataacha kila kitu na kushikilia madumu matupu hadi wavuvi wawafikie alfajiri. Hakuna anayelazimika kufa ili hadithi iwe nzito. Mama akishika sahani za harusi mkononi huku fundi akimwangalia na siri yake, uzito umekwishapatikana.

Wewe msimulizi, usiandike nini kitatokea. Andika shida, watu, na wanachokitaka, halafu uliza. Fundi akisema, "Naifungua injini," usimrushie hotuba. Muulize, "Nani amekushikia tochi?" Mwanafunzi akiitikia kwamba ni yeye, na akaona mahali palipo wazi palipopaswa kuwa na kifaa cha akiba, hadithi imeanza kujiendesha yenyewe.

Linda saa kama mwenye zamu anavyolinda zamu yake. Mkianza saa moja jioni, robo saa ya kwanza ni ya kuchagua wahusika na namba. Ifikapo saa mbili na nusu, siri ya fundi iwe imekwishatoka. Kama haijatoka, mlete abiria aliyeona. Ifikapo saa tatu na nusu, funga mlango wa mambo mapya na uwapeleke kwenye uamuzi wa mwisho. Dakika 15 za mwisho kila mchezaji aeleze kwa maneno machache mhusika wake yuko wapi mwaka mmoja baadaye. Usiziruke dakika hizo hata kama mmechoka, kwa sababu hapo ndipo watu wanapojua kwamba hadithi yao imekamilika. Saa nne, kila mtu aende kwao.

Kabla ya yote, kaa na wenzako uwaulize: kuna jambo lolote msilotaka liguswe usiku huu? Ziwa limechukua watu wetu, maji yamepanda yakaingia katika nyumba za watu Kalemie, na mkoa wetu wa Tanganyika umeona vita na kukimbia. Huenda rafiki yako amempoteza ndugu majini na hajawahi kukuambia. Akisema boti hapana, usimdai sababu. Geuza boti kuwa lori lililozama kwenye tope njia ya Moba, punje ziwe mafuta na chakula kilichobaki, na kanuni zikae zilivyo. John Stavropoulos alibuni kadi yenye alama ya X inayowekwa katikati ya meza: mtu akiigusa, lililokuwa linasimuliwa linaachwa na hakuna maswali. Ichore kwenye karatasi. Mchezo wa kuwafurahisha watu usiwe wa kumfungulia mtu kidonda mbele ya wenzake.

Kuhusu mama mkubwa, usibishane naye. Amesikia maneno mawili kutoka chumba cha pili, na mzazi anayelinda nyumba yake hakosei kuuliza. Mfuate mchana, mweleze kwamba mnasimulia hadithi, kwamba mapepo na wachawi mmewaondoa, na umwombe aketi nanyi. Hadithi ya boti haihitaji pepo hata mmoja. Akipenda, mpe sauti ya mvuvi mzee anayekuja na taa. Wazee wetu husimulia kutuzidi. Na akisema ni mambo ya kigeni, mkumbushe kwa upole kwamba Waluba wa Katanga walikuwa na lukasa, ubao wa mbao wenye shanga. Watu wa chama cha Mbudye waliugusa kwa vidole huku wakisimulia habari za wafalme, na masimulizi yalifuata msimuliaji na wasikilizaji waliokuwapo. Kukusanyika kuzunguka kitu kidogo na kutoa humo hadithi kubwa ni jambo tulilolijua zamani.

Neno la mwisho ni kuhusu wewe mwenyewe. Usijitwike usimulizi wa kila siku. Muuza ndagala anajua habari za soko na madeni kuliko wewe; wale wawili wa kiwandani wanajua usiku wa zamu mitambo inaposimama. Kikao kimoja kikifaulu, mpe mwingine punje na dadu, naye alete shida ya kwake. Wakiwapo watatu, chezeni watatu. Wa Moba akija kusalimia, atakaa mezani sawa na wengine, bila kukumbushwa lolote, maana usiku huo hakuna aliyetangulia.

Mdogo wangu, usingoje hadi wote watano wapatikane. Waite watakaokuwapo Jumamosi hii, hesabu punje 12 mbele yao, na mhakikishe hadithi imekwisha kabla hamjaagana.