Fungu la Televisheni: Barua Zilizonikosesha Usingizi

Barua ni nyingi kuliko nafasi. Wanaouliza haki za matangazo ni kitu gani nimewaweka kando; anayelipia kisimbusi kila mwezi anajua anachonunua. Nimechukua zilizonitia wasiwasi, na chache zilizonipandisha mori.

Simba na Yanga ndizo zinazotazamwa. Kwa nini pesa za televisheni zigawiwe hata timu ambazo hazina mashabiki wa kujaza daladala? Ulaya kila mtu anakula kwa jasho lake.

Barua tisa, kutoka Tanga mpaka Mbeya, zimesema hivi kwa maneno tofauti. Nazijibu zote kwa mkupuo.

Ulaya ipi hiyo? Tuanze Uingereza, kwa kuwa ndiko mnakotazama kila Jumamosi. Tangu Premier League ilipoanza mwaka 1992, nusu ya pesa za televisheni za ndani hugawiwa sawa kwa sawa kwa timu zote. Robo hutegemea nafasi kwenye msimamo, na robo hutegemea mechi zako zilizoonyeshwa moja kwa moja. Pesa za nje, zikiwamo zile zinazotokana na wewe kukaa Mbagala ukiitazama Arsenal, kwa miaka mingi ziligawiwa sawa zote. Mwaka 2018 walikubaliana kwamba nyongeza tu ndiyo ifuate msimamo. Matokeo yake? Msimu wa 2023/24 Manchester City, bingwa, alipata takriban pauni milioni 176. Sheffield United, aliyeshika mkia kwa pointi 16 na kufungwa mabao 104, alipata takriban milioni 110. Huyo wa mwisho!

Mnachokitaka ninyi kilifanyika Hispania. Kule kila klabu iliuza mechi zake yenyewe. Msimu wa 2013/14 Real Madrid na Barcelona walivuna karibu euro milioni 140 kila mmoja, na walio chini kabisa wakaambulia kama milioni 18. Kuanzia 2004/05 hadi 2012/13 hakuna timu nyingine iliyoonja ubingwa. Agosti 2011 wachezaji waligoma, raundi ya kwanza ya ligi ikaahirishwa, kwa sababu zaidi ya wachezaji 200 walikuwa wanadai mishahara. Ligi yenye Messi na Ronaldo, na mishahara haijalipwa! Aprili 2015 serikali ikachoka, ikatoa amri kwamba haki ziuzwe kwa pamoja. Hayo ndiyo mnayotaka tuyaanze sisi, wenzetu wakiwa wameyatupa jalalani.

Sasa shikeni hesabu hii. Ligi yetu ina timu 16, kwa hiyo kila timu hucheza mechi 30. Dabi ya Kariakoo ni mechi mbili. Mechi 28 zilizobaki Yanga anacheza na nani? Na hao mnaowaita hawana mashabiki. Televisheni hainunui Yanga. Inanunua Yanga akiwa na mpinzani, kwenye uwanja wenye nyasi, bila kujua nani atashinda. Mpinzani akija amechoka kwa safari ya basi ya saa 14, na mishahara ya miezi mitatu haijaingia, mechi imeshauzwa ikiwa mbovu. Mtazamaji atavumilia tano bila mara mbili, mara tatu, halafu atahamia tamthilia.

Sisemi wagawane sawa mpaka shilingi ya mwisho. Bingwa apate zaidi, na mwenye kuvuta watazamaji apate zaidi. Uingereza walikubaliana kwamba wa juu asizidi mara 1.8 ya wa chini katika fungu zima. Chagueni namba yenu, muiandike, muiheshimu. Kinachoniudhi ni kuibishania kila msimu mpya kama mahari.

Mkataba wa televisheni ya Azam wa mwaka 2021 ni shilingi bilioni 225.6. Mbona klabu bado zinalia njaa?

Kwa sababu namba hiyo ni ya miaka 10. Gawanya, upate wastani wa bilioni 22.56 kwa mwaka, na mezani wanakaa wengi, klabu zikiwa sehemu tu ya walaji. Ukisikia mtu anaitaja bilioni 225 bila kutaja miaka 10, shika mfuko wako.

Ni kweli televisheni ndiyo inayopanga bingwa ili watu walipie?

Hapana.

Mwenye televisheni akiwa na timu ndani ya ligi hiyohiyo, si kesi ya nyani na ngedere?

Swali halali, na si geni: mwaka 2013 Yanga waliupinga mkataba wa kwanza wa Azam, na hoja yao mojawapo ilikuwa hiyohiyo. Dawa yake ni zabuni ya wazi na mgao uliochapishwa kila mtu akauona. Ila tuseme ukweli pia: bila kamera hizo, mechi za mikoani tungezisikia redioni kama zamani.

Televisheni imeua viingilio. Nani aende uwanjani wakati mechi iko sebuleni?

Msimu wa kwanza wa Premier League, 1992/93, wastani wa watazamaji ulikuwa kama 21,000 kwa mechi. Leo ni kama 40,000, na kamera zimeongezeka mara nyingi. Viwanja vilijengwa upya baada ya maafa ya Hillsborough ya 1989, kila mtu akapata kiti. Sisi tunamwanika shabiki juani saa nane mchana, choo hakina maji, tiketi inalanguliwa getini, halafu lawama tunamtupia Azam.

Hata hivyo Waingereza wenyewe hawakuacha mlango wazi kabisa. Jumamosi kuanzia saa 8:45 mchana hadi saa 11:15 jioni kwa saa zao, mechi hazionyeshwi moja kwa moja nchini mwao, ili timu ndogo zisikose watu. Ndiyo maana msomaji wa Mombasa anayeniambia kaka yake aliyeko London humpigia simu kuuliza matokeo hadanganyi. Mechi ile iko kwenye kibanda umiza cha Likoni, haipo kwenye televisheni ya London.

Televisheni ikijiondoa itakuwaje?

Hili ndilo linalonikosesha usingizi hasa. Mwaka 2017 SuperSport iliacha ligi ya Kenya katikati ya mvutano wa timu ziwe 16 au 18. Viongozi walibishana kana kwamba mlipaji hana miguu. Alikuwa nayo.

Uingereza mwaka 2002, kampuni ya televisheni ya ITV Digital ilifilisika ikidaiwa pauni milioni 178 na ligi ya madaraja ya chini, kati ya mkataba wa milioni 315. Klabu 72 zilikuwa zimeshazipangia pesa hizo matumizi. Zilipokwenda mahakamani kuwadai Carlton na Granada, wenye kampuni hiyo, zikashindwa: hapakuwa na dhamana iliyosainiwa. Ufaransa walirudia kosa karibu lilelile. Mediapro, wanunuzi wa haki za matangazo, waliahidi zaidi ya euro milioni 800 kwa mwaka, wakaanza msimu wa 2020, ikafika Oktoba hawakulipa, Desemba mkataba ukavunjwa.

Niliwahi kuitwa kukagua hesabu za klabu moja, siitaji, nikakuta fungu la televisheni la msimu ujao limeshawekwa rehani kwa mkopeshaji ili kumsajili mshambuliaji. Mshambuliaji alicheza mechi nne, akaumia goti. Katibu aliponiuliza tufanyeje, nilimwomba maji ya kunywa kwanza.

Kuna fundi mtaani anafungua chaneli zote kwa elfu kumi.

Huyo si fundi. Mwezi ujao atakuuzia kitu kilekile.

Mimi ni mweka hazina wa timu ya Championship. Tukipanda Ligi Kuu, pesa ya televisheni tuanzie wapi?

Hatimaye swali la mtu mzima. Anza na mishahara na michango ya mifuko ya jamii, kabla hujamwona dalali yeyote wa wachezaji. Pili, kila mkataba wa mchezaji uwe na kifungu cha kushuka daraja, kinachoshusha mshahara siku hiyohiyo timu inaposhuka. Uingereza aliyeshuka hupozwa kwa miaka hadi mitatu: asilimia 55 ya fungu la sawa, kisha 45, kisha 20. Huku ukishuka hakuna anayekushika mkono, ila mikataba uliyosaini inaendelea kudai kila tarehe 30. Wakala akikwambia mchezaji wake hasaini kifungu hicho, mrudishie faili lake, umwite anayefuata.