Moshi wa Gari: Ulipimwa Maabara au Barabarani?

Mnunuzi wa gari la dizeli lililotumika Uingereza huelezwa kwamba gari hilo ni la kiwango cha Euro 6. Kiwango hicho huruhusu miligramu 80 za oksidi za naitrojeni kwa kila kilomita. Gesi hizo huudhuru mfumo wa upumuaji, na wagonjwa wa pumu huathirika zaidi. Tunamshauri mnunuzi aulize: zilipimwa wapi?

Kwa miaka mingi gari jipya lilipimwa maabara pekee. Magurudumu yalizunguka juu ya roli kwa takriban dakika 20, kwa mwendo uliojulikana mapema, pasipo mlima wala foleni. Mwaka 2014 watafiti wa West Virginia University, Marekani, walitoa matokeo ya magari matatu ya dizeli waliyoyapima yakiwa safarini, vifaa vya kupimia vikiwa vimefungwa kwenye gari lenyewe. Mojawapo, la Volkswagen, lilitoa gesi hizo hadi mara 35 ya kiwango kilichoruhusiwa. Septemba 2015 serikali ya Marekani ilitangaza kwamba programu iliyofichwa katika magari ya kampuni hiyo ilitambua kuwa gari linapimwa, na hapo ndipo ilipodhibiti moshi kikamilifu.

Umoja wa Ulaya uliongeza kipimo cha barabarani kwa aina mpya za magari kuanzia Septemba 2017, na kwa magari mapya yote kuanzia Septemba 2019, isipokuwa machache ya akiba yaliyoruhusiwa kumalizwa. Gari huendeshwa dakika 90 hadi 120, mjini, nje ya mji na katika barabara kuu, pamoja na magari mengine. Hapo mwanzo sheria ilivumilia hadi mara 2.1 ya kiwango, yaani miligramu 168. Tunaona uvumilivu huo ulizidi, ingawa mara 35 ni jambo jingine kabisa.

Kwa kuwa Euro 6 ilikuwa lazima kwa magari mapya yote tangu Septemba 2015, jina hilo peke yake halitoshi. Angalia tarehe ya usajili wa kwanza katika hati ya Uingereza iitwayo V5C, kisha mtake muuzaji athibitishe kama gari ni Euro 6d-TEMP au Euro 6d. Hayo yamepimwa barabarani. Iwapo gari hutumia AdBlue, kimiminika cha urea kinachopunguza gesi hizo, hakikisha mfumo wake haujazimwa wala kuondolewa. Ukishazimwa, cheti hakilihusu tena gari unalouziwa.