Mgeni wa Heshima Akae Wapi?



Kwenye harambee moja ya kanisa hapa Matasia, mheshimiwa alifika saa nane na watu kumi na wawili. Viti vya mbele vilikuwa vitano. Sisi wapokezi tukawainua akina mama waliokuwa ndani ya tenti. Nyanya mmoja, mwanzilishi wa kikundi, akaishia juani. Hakusema kitu, lakini mkutano uliofuata hakuja. Mchango wake wa mzunguko alimtuma mjukuu.

Mtakatifu Yakobo, sura ya 2, anakemea jambo hilo hilo: tajiri kupewa kiti kizuri, maskini kuambiwa asimame. Na Septemba 2021 maaskofu Wakatoliki wa Kenya walisema wanasiasa wasihutubie kanisani. Waje kusali kama waumini wengine.

Kumheshimu mgeni ni desturi yetu njema. Ila tujipange:

1. Mapema, mwulizeni mgeni anakuja na watu wangapi. Hesabuni viti.

2. Wazee, wagonjwa na wajawazito wapate kivuli kwanza.

3. Mbele akae mgeni, padre au katekista, na mwenyekiti wa kikundi. Wasindikizaji wakae na watu.

4. Aliyekwisha kaa asiinuliwe. Anayechelewa aletewe kiti kingine.

Nyanya tulimwendea nyumbani, tukamwomba msamaha. Akatukaribisha, na kiti kizuri akatupa sisi.

Tujadili: Kwenye kikundi chenu, nani aliwahi kuinuliwa? Mmeshamwendea?