SOMO LA 18: Njia Zilipofungwa

Ukisimama juu ya milima ya Ugweno asubuhi, mawingu yakiisha kuondoka, utaliona Ziwa Jipe chini, upande wa mashariki. Mpaka wa Tanzania na Kenya hupita katika maji yake, na ng'ambo ni nchi ya Taveta. Watu wa pande hizi mbili wamezoea tangu kale kuuziana vyakula, na wengine ni jamaa. Leo tutasoma jinsi mpaka huo ulivyofungwa, si kwa vita, bali kwa maradhi.

Mwisho wa mwaka 2019 maradhi mapya ya mapafu, yaitwayo Korona, yalitokea katika mji wa Wuhan, nchi ya China. Tarehe 16 Machi 2020 mgonjwa wa kwanza wa Tanzania alitangazwa, naye alikuwa Arusha. Maradhi haya huenea kwa pumzi, toka mtu hata mtu. Chanjo haikuwapo bado. Kwa hiyo serikali nyingi ziliwaamuru watu wasikutane, kama vile mtu atengavyo kuni ili moto upungue. Desturi hii ni ya kale. Zamani mji wa Venice katika Italia ulizizuia merikebu siku 40 kwa kuogopa tauni, na neno "karantini" limetokana na hesabu hiyo.

Nchi zetu hazikufanya sawasawa. Rwanda na Uganda ziliwafungia watu majumbani. Kenya ilikataza kutembea usiku tangu 27 Machi, na mwezi wa Aprili ikazuia watu kuingia na kutoka Nairobi na Mombasa. Tanzania ilifunga shule tangu 17 Machi, lakini masoko, mashamba na nyumba za ibada vilibaki wazi.

Je, Ugweno haikuguswa basi? Iliguswa, maana jirani akifunga mlango wake, nawe huwezi kupita, hata wako ukiwa wazi. Tarehe 16 Mei 2020 Kenya ilifunga mpaka wake na Tanzania, isipokuwa kwa magari ya mizigo, na madereva sharti wapimwe kwanza. Dereva alingoja, akapita. Lakini mfikirini mama mwenye mkungu wa ndizi kichwani. Yeye hakuwa na ruhusa, na ndizi haingoji amri: huiva, kisha huoza. Tena ndege za wageni zilikoma, na vijana waliobeba mizigo ya wapandao Kilimanjaro wakakosa ujira. Mwenye shamba alirudi kushika jembe. Asiye na shamba hakuwa na pa kurudi.

Watoto wa Tanzania walirudi shuleni wote tarehe 29 Juni 2020. Watoto wa Uganda hawakurudi wote mpaka Januari 2022, karibu miaka miwili. Mwenye redio au simu alijifunza kidogo nyumbani; asiye navyo alichunga mbuzi. Wengine walizoea kazi za ujira, wasichana wengine wakaozwa, na hao hawakuonekana tena darasani.

Je, kufunga kulikuwa kubaya? Msikate shauri upesi. Watu wasipokutana hawaambukizani, na waganga hupata nafasi ya kuwatunza walio wagonjwa. Lakini mwenye ghala aweza kukaa ndani mwezi mzima. Yule alaye leo kwa kazi ya leo hawezi hata juma moja. Basi afungaye mlango kwa hekima huuliza kwanza: ndani mna chakula?

Wazee wa Upare walichimba mifereji kwa msaragambo, kila nyumba ikitoa mtu, kwa kuwa maji ni ya wote. Maradhi ya kuambukiza nayo ni ya wote. Haifai mzigo wake kuachiwa mama wa ndizi peke yake.

MASWALI
1. Neno "karantini" limetoka wapi?
2. Kwa nini watu wa Ugweno walipata hasara, ingawa hawakufungiwa majumbani?
3. Nani aliumia zaidi njia zilipofungwa, na kwa sababu gani?
4. Kama ungekuwa mkuu wa kijia chenu, ungefanya nini kabla ya kufunga soko?