SOMO LA MWEZI: TUZIPIME HABARI TUNAZOLETEWA

Masomo: Matendo 17:10-12, Kutoka 23:1



Watu wa Beroya walimpokea Paulo kwa moyo mkunjufu, hata hivyo walifungua Maandiko wenyewe wayapime maneno yake. Luka hawalaumu kwa kumpima mtume, bali awasifu. Basi ikiwa Paulo alipimwa, sembuse ujumbe wa simu usio na jina la mwandishi?

Mwaka 2014 ugonjwa wa Ebola uliingia Nigeria. Zikaenea habari katika simu kwamba mtu akinywa maji ya chumvi na kuyaoga, ugonjwa hautampata. Wizara ya Afya ilikanusha, lakini uvumi ulikuwa umetangulia. Watu walilazwa hospitalini kwa kunywa chumvi kupita kiasi, na wawili waliripotiwa kufa. Wengi waliotuma habari zile hawakuwa na nia mbaya. Ni mama aliyempelekea mwanawe, ni ndugu aliyemwonya nduguye. Hapo ndipo penye shida. Sisi humpima aliyetuletea, na tukimwona ni mwema twaamini. Kumbe naye kaletewa tu.

Kwa hiyo tuulize: nani aliyesema kwanza, wapi, na lini? “Daktari mmoja wa hospitali kubwa” si jina la mtu. Na ujumbe ukihimiza utumwe upesi kwa watu kumi, utilieni shaka. (Wazee mtakumbuka barua zilizotutaka tuzinakili, la sivyo tupatwe na msiba. Ni zile zile, zimepata simu tu.)

Katika WhatsApp, ujumbe uliokwisha kupitishwa mara tano au zaidi huwekewa alama ya mishale miwili. Alama hiyo haisemi kuwa habari ni ya uongo. Yaonyesha tu kwamba aliyekutumia siye aliyeiandika. Ukiiona juu ya habari za dawa, muulize kwanza mganga wa zahanati kabla hujaipeleka kwa wanakwaya wenzako. Na kama umekwisha kuituma, usiifute kimya kimya, maana walioisoma wameisadiki. Andika masahihisho mahali pale pale.

Maswali ya kuzungumza nyumbani:

1. Ni habari gani mliyoletewa mwezi huu, na nani aliyeisema kwanza?

2. Mzee wa kanisa akituma habari isiyo kweli, vijana wafanyeje wamwambie bila kumvunjia heshima?